Kifungu cha Nne na Alama ya Penseli

Nikifumba macho, huisikia mashine ya faksi kabla ya kuiona. Ilikuwa ikiguna kidogo, mithili ya mtu anayeamshwa asiyetaka kuamka, kisha huanza kutoa karatasi yake laini yenye joto, na chumba kizima kikanuka kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Dirishani ilikuwapo Al Khuwair, mtaa wa Maskati, wakati wa kiangazi: barabara kuu, mapaa ya wizara, na nyuma yake majabali ambayo mwezi wa Agosti hayafanani na mawe, bali na moshi uliosahau kuondoka. Nilikaa kwenye meza ile miaka kumi na saba kasoro siku chache, tangu Jumamosi tarehe 2 Mei 1992 hadi Jumatano tarehe 29 Aprili 2009. Mpaka leo, nikisinzia baada ya sala ya alasiri, hurejea pale bila ya kupanda gari.

Nyinyi wanangu mnaoingia ofisini sasa mmeniuliza kazi ya nyaraka ilikuwa kazi gani. Nitakuambieni, ila msitarajie nianze mwanzo nende hadi mwisho. Kumbukumbu yangu haitembei hivyo. Tarehe nnazishika vizuri, kwa sababu aliyejifunza kusoma ukubwani huzishika tarehe kama anavyomshika mtoto mkono penye magari. Lakini zenyewe hunijia kwa mpango ziutakao.

Shule niliiacha Zanzibar nikiwa na umri wa miaka kumi. Nilikuja Maskati mwaka 1973, nikaolewa na Seif, mpakuzi wa mizigo katika bandari ya Matrah, mtu mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Hakujua kusoma. Kila alipotakiwa kutia sahihi alitia dole gumba, kisha akalifuta kwenye kanzu yake ya kazi na kunionyesha lile doa kwa fahari, kana kwamba ni nishani. Alifariki mwaka 1984. Mwezi wa Januari mwaka uliofuata niliingia darasa la watu wazima, nikakaa dawati moja na wanawake wenye wajukuu. Shahada ya sekondari niliipata mwaka 1991. Siku nilipotia sahihi yangu ya kwanza kazini, kwa kalamu ya wino mweusi, niliitazama mpaka wino ukakauka.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo. Tuliagiza mashine kutoka nje kwa niaba ya wafanyabiashara wa hapa: pampu, jenereta, vyumba vya baridi. Kazi yangu ilikuwa elisii. Elisii ni barua ya benki: benki ya mnunuzi humwahidi muuzaji aliye mbali kwamba atalipwa pindi atakapoleta karatasi zote zilizotajwa humo, bila ya pungufu hata moja. Mimi ndiye niliyechapa maombi ya barua hizo na kutaja karatasi zipi zinatakiwa. Nikikosea neno, meli hubaki bandarini kwao. Watu wawili wasioonana kamwe walikuwa wakiaminiana kwa sababu ya mistari niliyoichapa mimi, mjane wa mpakuzi. Nilikuwa nikilifikiria jambo hilo njiani nikirudi nyumbani, na taa za magari ziliogelea mbele yangu kama samaki.

Aliyenifundisha ni Bwana Fransis, Mgoa aliyezaliwa Zanzibar, mtaa wa pili kutoka kwetu, ingawa tulikuja kufahamiana Maskati. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wengi waliomcheka.

"Bi Zuwena," aliniambia wiki ya kwanza, "karatasi usiisome kutoka juu. Juu mna adabu tu. Anza chini, palipo na masharti."

Jaribuni. Nimeokoa mizigo mingi kwa kusoma kutoka chini.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutotoa fotokopi ya fotokopi. Kila ukinakili nakala, mkato mmoja hupotea, nukta hugeuka doa, doa likageuka nukta. Kwa hivyo tulikuwa na fomu mama, karatasi moja nzito iliyolala kwenye bahasha ya kahawia, na nakala zote zilizaliwa na hiyo. Bwana Fransis alipostaafu na kurudi Goa, mwezi wa Juni 1996, alinikabidhi bahasha ile kwa mikono miwili.

"Imo yote humo," alisema. "Itazame vizuri kabla hujaitumia."

Niliitazama. Nikaona imechafuka kwa penseli. Mimi sikuvumilia uchafu juu ya karatasi. Wale wenzangu wa darasa la watu wazima walikuwa wakinitania kwamba hata kivuli changu nakifuta. Nilidhani ni hesabu zake za chai. Nikachukua kifutio kipya, nikafuta taratibu mpaka karatasi ikawa nyeupe kama shuka la wageni, na nilifurahi.

Sasa nakuvusheni miaka minne, mpaka mwaka 2000.

Bwana Khamis alikuwa mfanyabiashara wa matunda, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, mwenye vyumba vya baridi kule Mawaleh. Kompresa ya chumba chake kikubwa ilikuwa inakufa. Alitaka mpya kutoka Marekani, ifike kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule tuliitazamia mwishoni mwa Novemba. Aliyekosa baridi mwezi ule alikosa mwaka mzima. Jumamosi tarehe 5 Agosti nilichapa ombi la elisii juu ya nakala mpya ya fomu, nikalitia sahihi, likaenda benki. Mwezi uleule mkurugenzi wetu, Bwana Nasser, alinidokeza kwamba anatafuta mkuu wa meza ya nyaraka, na kwamba jina langu ndilo la kwanza. Hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti kile. Nilianza kukiota: kiti chenye mikono, karibu na dirisha, mgongo wake kwa majabali.

Jumatatu tarehe 21 Agosti faksi iliguna. Muuzaji alisema kifungu cha nne cha elisii yetu hawezi kukitimiza, na kwamba analazimika kuitaarifu serikali yake kuwa ameombwa.

Nikakisoma kifungu cha nne, nilichokipitisha mara elfu bila ya kukitazama usoni. Kilimtaka muuzaji athibitishe kwamba bidhaa hazina asili ya Israili, na kwamba kampuni iliyozitengeneza haimo katika orodha nyeusi ya makampuni yaliyosusiwa na nchi za Kiarabu.

Nilikasirika. Niliona wametutia doa. Sisi tulikuwa na sababu zetu za kususia, na sababu hizo sizijadili hapa. Ila niliuliza moyoni, mtu kuulizwa swali tu, ndiyo akashtaki kwa serikali yake? Kisha hasira ikapoa, ikabaki huruma, na huruma ndiyo iliyoniponza. Kwetu jambo likikwama kwenye karatasi, humalizwa kwa mdomo. Watu huulizana hali, hunywa kahawa, wakaelewana. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, wakati ambao kwao ndiyo kwanza kunakucha, nilimpigia simu mwanamke aliyetia sahihi ile faksi. Jina lake Linda.

"Bibi Linda," nilimwambia kwa Kiingereza changu cha madarasa ya jioni, "tusisumbuane na karatasi. Wewe niambie tu kwa mdomo, ndiyo au siyo. Mimi nitaandika mwenyewe huku."

 Nilisikia bahari nzima ikipita ndani ya waya.

"Bi Zuwena, tafadhali usiniulize swali hilo."

"Nakuuliza kama dada yangu."

"Hasa kama dada," akasema, "usiniulize."

Jumamosi asubuhi, tarehe 26, niliikuta faksi ya pili imelala sakafuni, imejikunja kama jani kavu. Oda imesimamishwa. Simu yangu nayo ingetolewa taarifa. Hawangezungumza tena nasi ila kwa maandishi, baada ya elisii kurekebishwa.

Tulikuwa na mhasibu Mkenya, msichana wa Machakos aitwaye Mwende, aliyekuwa akiimba tenzi za kanisani kwake huku akipiga kikokotoo. Kabla ya kuja Maskati alifanya kazi Nairobi kwa wakala wa kampuni ya Kimarekani. Alinikuta nimeishika karatasi ile, akaisoma juu ya bega langu.

"Mama, ulimpigia simu?"

"Nilimpigia. Nilitaka kumrahisishia."

"Wueh! Mama, hiyo ni kama kushikwa na sufuria ya jirani, halafu unarudi kuchukua kifuniko."

"Adabu, Mwende."

"Pole, Mama." Akavuta kiti. "Sikia. Wale wako na sheria yao, ya tangu miaka ya sabini. Kampuni ya Marekani hairuhusiwi kusaidia nchi nyingine kususia nchi ambayo serikali yao haijaisusia. Hata kujibu swali, kama wanafanya biashara na nani, hawaruhusiwi. Iwe kwa barua ama kwa mdomo, ni mamoja. Na wakiulizwa, lazima waripoti kwamba wameulizwa. Huko Nairobi tulifundishwa siku mbili nzima. Nilisinzia siku ya kwanza, lakini hiyo nilishika."

"Kwani wao ndio watakaotwambia tumsusie nani?"

"La, Mama. Wewe hawakuamrishi. Wanaamrishwa wao. Wewe susia ukitaka, nchi ni yako. Lakini Linda akikujibu, anaumia Linda."

Nilimwazia yule mwanamke nisiyemjua, akiniomba ndani ya waya nisimuulize. Mimi nilidhani namfungulia mlango.

"Kwa hivyo tufanyeje?"

"Waambie waandike bidhaa imetoka wapi. Hiyo wanaweza. Imetengenezwa Marekani, basi, wanatia sahihi. Wasichoweza ni kuapa haikutoka wapi. Badilisha elisii, utoe kifungu cha nne, uweke cheti cha kawaida cha asili. Lakini kubadilisha lazima Bwana Nasser atie sahihi."

Hapo ndipo uliponisimama mfupa. Sahihi ya Bwana Nasser maana yake ni Bwana Nasser kujua. Nikazitia faksi zote mbili kwenye droo, nikafunga, nikajiambia nitatafuta njia. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliye chini ya maji. Watu walisema nami, nikawaona midomo. Wanangu, karatasi iliyofungiwa droo hailali. Kila asubuhi ilikuwa nzito kuliko jana yake.

Jumamosi tarehe 2 Septemba Bwana Khamis aliingia ofisini na kasha la mapapai, akaliweka katikati ya meza yangu. Maji yake yalichuruzika mpaka kwenye kalenda.

"Kula, Bi Zuwena! Kula, karibu! Haya ndiyo yaliyolala chumbani mwangu siku mbili. Mashine yangu i wapi?"

"Inakuja, Bwana Khamis."

"Inakuja kwa miguu? Maana kwa mwendo huu watu watafuturu kwa mbegu!"

Kelele zilimtoa Bwana Nasser chumbani kwake. Nikaifungua droo. Alizisoma faksi akiwa amesimama, kutoka chini kwenda juu. Naye alifundishwa na Fransis.

"Ofisi yangu inaandika maneno haya mwaka wa elfu mbili?" alisema polepole. "Nchi zote za Ghuba zilitangaza mwaka tisini na nne kwamba habari ya kuyaandama makampuni ya watu wengine zimeiacha. Hapana anayetutaka tuandike haya. Fomu hii ya nani?"

"Ya Fransis," alijibu mtu kutoka meza ya nyuma.

 Nilikuwa na hakika kwamba ndivyo: fomu ya Fransis, kifungu cha Fransis.

"Basi hayo ndiyo majibu yetu," akasema Bwana Nasser. "Bi Zuwena, waandikie benki na muuzaji. Kosa la karani wa zamani, aliyekwisha kuondoka. Umtaje jina, wajue hayupo tena. Mambo yaishe."

Kila mtu alipumua. Bwana Khamis aliomba kitambaa afute meza. Nami, nakiri kwenu, nilikiona kile kiti chenye mikono kikinisogelea.

Jumapili nilikaa kuichapa barua hiyo. Nilitaka kuitaja tarehe ya fomu, maana sikuwahi kutuma barua isiyotaja tarehe, kwa hivyo niliitoa fomu mama kwenye bahasha yake na kuielekeza dirishani. Jua la asubuhi lilipita ndani ya karatasi ile nzito. Pale nilipokuwa nimefuta miaka minne nyuma, risasi ya penseli ilikuwa imekwenda, lakini shinikizo la mkono lilibaki. Mfuo mmoja mrefu ulikata kifungu cha nne kutoka mwanzo hadi mwisho. Pembeni yake, kwa herufi ndogo zilizolala upande, palikuwa na maneno yaliyong'aa kwa mwanga na kutoweka nilipoitikisa karatasi: Futa. Hakihitajiki tena. Na chini yake tarehe, kama alivyonifundisha mimi.

Sikumbuki nilikaa muda gani. Nakumbuka majabali yalikuwa yameyeyuka kabisa kwa vumbi la joto, na kwamba nilihisi niko ndani ya karatasi ile, mimi ndiye niliyeandikwa na kufutwa, na mtu mmoja aliye ng'ambo ya bahari ananielekeza kwenye mwanga.

Jumatatu tarehe 4 Septemba, saa mbili na robo asubuhi, niliingia kwa Bwana Nasser na barua nyingine. Niliiandika kwa mkono, kwa kuwa sikutaka mashine inisaidie. Ilisema kwamba karani wa zamani alikikata kifungu cha nne kwa penseli kabla ya kuondoka. Kwamba mimi niliifuta alama yake bila ya kuisoma. Kwamba niliichapa fomu ile miaka minne bila ya kuitafakari. Na kwamba nilimpigia simu muuzaji na kumwomba kwa mdomo jambo ambalo sheria yake inamkataza hata kwa maandishi. Ilimalizia kwa kuomba kifungu cha nne kiondolewe, na badala yake pawekwe cheti kinachotaja nchi bidhaa zilikotengenezwa, bila ya zaidi.

Bwana Nasser aliisoma mara mbili.

"Ile niliyokutuma ingetosha."

"Nnajua."

"Na unajua kile kiti natangaza mwisho wa mwezi huu."

"Nnajua, Bwana Nasser. Lakini Fransis yuko Goa. Hawezi kuja hapa kusema."

Aliondoa miwani. Aliiinua fomu dirishani, akaigeuzageuza mpaka mfuo ukamtokea. Nilimwona akitabasamu kidogo, si kwangu, bali kwa mwandiko.

"Tarehe umeweka?" aliuliza.

"Nimeweka."

Akatia sahihi chini ya sahihi yangu.

Kiti sikukipata mwaka ule. Alipewa mwanamume kutoka tawi jingine, mtu mwema aliyesoma karatasi kutoka juu. Nilikipata Jumamosi tarehe 1 Februari 2003, na kusema kweli mikono yake ilikuwa imeshalegea. Kompresa ilipakiwa mwishoni mwa Septemba, pamoja na cheti chenye mstari mmoja na sahihi ya Linda. Hakuandika salamu yoyote. Lakini sahihi yake ilikuwa kubwa, ya mtu asiye na hofu, na mimi niliipokea kama salamu.

Siku mbili kabla ya Ramadhani, Jumamosi tarehe 25 Novemba, Bwana Khamis alituita Mawaleh. Alifungua mlango wa chumba kikubwa, na ukungu mweupe ukatoka polepole ukatufunika miguu, kisha magoti, hata Mwende akawa mtu wa nusu ya juu peke yake, akicheka. Ndani, makasha yalipangwa mpaka darini, na kila kasha lilikuwa na jina la mahali lilipotoka. Nilitembea baina yao nikiyasoma kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama anayesoma majina ya jamaa zake.

"Safari hii, Bi Zuwena," alisema Bwana Khamis mahali fulani ndani ya ukungu, "papai langu utalimenya kwa kisu!"

Nilimwandikia Bwana Fransis nikamweleza yote. Hakujibu kwa barua. Alipiga simu, sauti yake imekuwa nyembamba zaidi.

"Nilijua utaifuta," alisema, akicheka mpaka akakohoa. "Mtu asiyevumilia hata alama ya kidole kwenye kioo! Ndiyo maana nilikandamiza sana penseli."

Basi mkikabidhiwa karatasi na mtu aliyewatangulieni, na mkaona ameichafua, mwulizeni kabla ya kuchukua kifutio. Mkikwama na mtu wa nchi nyingine, ulizeni sheria yake inamfunga wapi, kabla ya kumwona ana kiburi. Na msimtake mtu aape mambo ambayo siyo. Mtakeni aseme lililo, atie sahihi, muishie hapo.

Ninayo faili moja tu nyumbani, rangi ya buluu, kabatini pamoja na mashuka. Ndani yake mna karatasi mbili. Moja ni cheti cha kazi cha marehemu Seif, chenye doa la dole gumba, limefifia sasa, la rangi ya zambarau. Ya pili ni nakala ya barua ile ya mkono, fotokopi ya kwanza, haikunakiliwa tena. Nimetia sahihi maelfu ya karatasi katika maisha yangu, na nyingi zilinisifu. Hii ndiyo niliyoiweka kando ya doa la Seif. Tarehe yake ni Jumatatu, 4 Septemba 2000. Sahihi ni yangu.